Tope la Nani?

Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ilipokatika, nilishuka bondeni kwenye shamba la baba na chupa tupu ya maji, nikachota kwenye kijito, nikaifunga nyuma ya baiskeli na kurudi nayo nyumbani Titye. Niliisimamisha dirishani, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yalikuwa yametakata kiasi cha kuweza kuona upande wa pili. Chini kulikuwa na tope jekundu, unene wa kidole.

Nikampelekea baba. Aliishika, akaigeuza juu chini, tope likavurugika tena, akanirudishia.

"Hili si la kwetu," alisema.

"Sasa ni la nani, baba?"

"La kijito."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Baba si mtu wa kukwepa maneno. Akikosa husema nimekosa. Lakini hapa alijibu kama mtu aliyeulizwa nani mwenye upepo, na mimi sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kwa namna fulani alikuwa na haki. Juu ya shamba letu kuna mashamba mengine kumi na zaidi, na chini yake mengine tena. Kila mvua inyeshapo, kila moja hutoa chake. Ukishachota maji, nani atakuonyesha punje za udongo wa fulani na punje za fulani?

Shamba lenyewe ni dogo, robo eka haifiki vizuri. Liko mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka nyumbani, upande wa maji yanayoteremkia Mto Ruchugi. Matuta yake ya mwisho yanagusa kijito. Ukilima tuta la chini kabisa unaweza kuosha jembe bila kusogea. Ndiyo maana ni shamba zuri. Kiangazi kinapokausha mashamba ya mlimani, bondeni bado kuna unyevu, na maharage, mboga na mahindi ya kuchoma hupatikana wakati bei iko juu. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Kwa hiyo ninapoliuliza tope swali, ninauliza pia juu ya karo niliyolipiwa, na juu ya hiki Kiswahili ninachokiandika.

Sheria haina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na inataja shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu chanzo cha maji. Nilipima kwa hatua zangu. Nilipofika hatua ya sitini nilikuwa nimeshatoka ndani ya shamba letu na kuingia kwa jirani. Yaani shamba lote, tuta la kwanza hadi la mwisho, limo ndani ya katazo. Lakini sheria hunijibu swali moja tu: ninaruhusiwa au siruhusiwi. Swali lililonisumbua mimi ni jingine. Je, ninamkosea mtu? Kama ninamkosea, ni nani, na yuko wapi?

Ili kumtafuta huyo mtu ilinibidi nifuate maji.

Ruchugi unakusanya maji ya vilima vya Kasulu, unashuka kusini mpaka Uvinza, na hapo unaingia Mto Malagarasi. Malagarasi ni mto wenye tabia ya pekee. Unaanzia kwenye vilima vya mpaka wa Tanzania na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Mto mwingine ungeteremka moja kwa moja magharibi ukamaliza safari yake siku hiyohiyo. Huu unalipa ziwa kisogo. Unakwenda kaskazini-mashariki, na kwa sehemu ya mwendo huo mto wenyewe ndio mpaka wa nchi mbili. Kisha unageuka kusini, unapotelea kwenye mabwawa na mafunjo, unapokea maji ya Moyowosi kutoka kaskazini na ya Ugalla kutoka upande wa Tabora. Ndipo unapokumbuka ulikokuwa ukienda. Unageuka magharibi, unapita Uvinza, unaporomoka kwenye miamba ya Igamba, na kuingia ziwani kusini ya mji wa Kigoma, upande wa Ilagala. Kilomita 475 hivi, kwa safari iliyoanzia karibu na mwisho wake.

Bonde lake ni kama kilomita za mraba 130,000, zaidi ya mara nne ya Burundi nzima, na zaidi ya nusu ya ardhi yote inayolitiririshia Ziwa Tanganyika maji. Wanajiolojia wanasema mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla Bonde la Ufa halijadidimia, maji yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mito ya Kongo, na ziwa likaja kukaa njiani baadaye. Ushahidi mmoja ni samaki. Ndani ya Malagarasi wamo samaki wa jamii za Kongo ambao katika ziwa lililo katikati hawaonekani. Walitenganishwa na ndugu zao, na hakuna aliyewauliza.

Nilipokuwa shuleni tulikariri mito kwa majina. Rufiji unamwaga Bahari ya Hindi. Kagera na Mara inaingia Ziwa Viktoria, na kwa njia ya Nile maji yake yanafika Mediterania. Sikumbuki kama tuliambiwa kwamba maji ya nyanda zetu yanaelekea upande mwingine kabisa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Lukuga, karibu na Kalemie upande wa Kongo. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba unakuwa Mto Kongo, na Kongo unaingia Atlantiki. Tone lililodondoka juu ya bati la nyumba yetu lina njia ya kufika bahari ambayo hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyewahi kuiona.

Ukilisikia hilo kwa haraka, linafariji. Mto ni mrefu, ziwa ni kubwa, bahari haina mwisho; kidole changu kimoja cha tope kitapotelea humo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mpaka nilipojifunza jinsi ziwa linavyopoteza maji yake. Maji yanayotoka kwa Lukuga ni sehemu ndogo sana. Zaidi ya tisa ya kumi ya maji yanayoliaga ziwa hupanda angani kama mvuke. Na mvuke hauchukui tope. Unachukua maji, unaacha kila kitu kingine. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia, ni kama chungu kilichobandikwa jikoni kikiwa hakina tundu chini. Kilichoingia kimeingia.

Kuna jambo jingine lililoninyima raha. Mabwawa yale ya Malagarasi, yaliyotambuliwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania yenye umuhimu wa kimataifa, yanafanya kazi ya kitambaa cha kuchujia chai. Mto unapopita humo unapunguza mwendo, tope linatua kwenye mafunjo, na maji yanatoka upande wa pili yakiwa mepesi. Lakini Ruchugi unaingia Malagarasi pale Uvinza, baada ya mabwawa. Maji ya kwetu hayapiti kwenye kitambaa. Yanaingia mtoni kama mgeni aliyepita mlango wa nyuma bila kufuta miguu.

Huyo basi ndiye mtu niliyemtafuta, au walau anwani yake. Anaishi kando ya ziwa, Ilagala, au Kibirizi, au Katonga, au ng'ambo kabisa, Kongo. Watafiti waliochunguza miamba ya mwambao wa ziwa hili walikuta kwamba mahali panapopokea tope jingi kutoka milima iliyolimwa pana aina chache za samaki na viumbe wadogo kuliko mahali palipo na maji safi. Aina nyingi kati ya hizo hazipatikani popote pengine duniani. Nilimweleza baba yote haya jioni, tukiwa tumekaa nje. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipa hoja tatu. Sitaki kuzidharau, maana nimesoma vitabu vyenye hoja dhaifu kuliko hizo.

Ya kwanza: "Mimi ni mmoja. Nikiacha leo, kesho kijito hakitabadilika rangi."

Ni kweli. Ningeacha matuta yote, chupa ya mwaka kesho ingekuwa na tope lilelile, au pungufu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kama kosa ni madhara, na madhara yangu hayaonekani, kosa liko wapi?

Hoja hii niliishindwa kwa siku kadhaa, hadi nilipokwenda sokoni Kasulu kununua dagaa. Mama anayeuza dagaa wa Kigoma hupanga mafungu kwenye turubai, na kando huacha lundo la kuonja. Kila mteja hupita akachukua dagaa mmoja, akatafuna, akasema hawa wana mchanga, au hawa ni wazuri, akanunua au akaenda zake. Nikamtania kwamba wanaoonja ni wengi kuliko wanaonunua. Akacheka, akasema, "Mwanangu, jioni huwa nakosa kama kilo nzima, na sijaibiwa na mtu."

Sijaibiwa na mtu. Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kila aliyeonja alichukua kitu kisicho na uzito. Ukimkamata yeyote kati yao, atakuonyesha dagaa mmoja na kukuuliza kama kweli unamshitaki kwa hiki. Na bado kilo imeondoka, na watoto wa yule mama wanakula pungufu. Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba, nasi tukaipokea methali hiyo kama sifa ya kuweka akiba. Hawakusema kwamba kibaba ni lazima kiwe cha kheri. Haba na haba humaliza kibaba pia.

Kwa hiyo sidhani kwamba swali sahihi ni: tope langu peke yake linaleta tofauti gani? Swali sahihi ni: mimi ni mmoja wa akina nani? Mtu anayeonja dagaa hahukumiwi kwa dagaa mmoja. Anahukumiwa kwa kujua, au kukataa kujua, kwamba yumo kwenye foleni.

Hoja ya pili ya baba: "Mvua humomonyoa hata pasipo jembe. Mto ulikuwa na tope kabla ya babu yangu."

Hii nayo ina ukweli, na mto wenye umri kuliko ziwa umebeba udongo mwingi kuliko tutakaolima sisi wote. Lakini kaskazini ya mji wa Kigoma kuna Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Ndani ya mpaka wake milima ina msitu. Nje, kwa miaka mingi, milima ileile yenye miteremko ileile ilikuwa mitupu hadi kileleni. Mvua inayonyesha pande zote mbili ni moja. Anayetaka kujua tofauti kati ya tope la Mungu na tope la jembe ana mahali pa kwenda kutazama.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonigusa. "Wewe ni mwanangu," alisema. "Wewe ninakujua. Huyo mvuvi wako simjui, na yeye hanijui."

Sikuona aibu katika maneno hayo, wala hakuna aibu. Mzazi anayemsahau mtoto wake kwa ajili ya mtu asiyemjua huyo ana kasoro yake. Tunalea kwa ukaribu, tunazika kwa ukaribu, tunachangiana harusi kwa ukaribu. Na kuna methali inayomsaidia baba: maji usiyoyafika hujui kina chake. Nitawezaje kuwiwa na mtu ambaye hata sura yake siwezi kuiwaza?

Lakini usiku ule mezani palikuwa na ugali wa muhogo na wale dagaa niliowanunua Kasulu. Baba alikuwa anakula huku akiniambia kwamba hamjui mvuvi. Hakuona, na mimi sikumwonyesha. Si adabu kumwonyesha mzee hoja iliyo kwenye tonge lake. Sisi wa milimani tunakula ziwa. Migebuka na dagaa hupanda malori kutoka Kigoma, na maharage na ndizi hushuka. Yule mvuvi hatujui, naam, lakini amekuwa akitulisha tangu tuzaliwe. Kutokumjua ni kutokujua kwetu. Yeye hajapungukiwa na lolote katika uhusiano wetu isipokuwa kujulikana.

Nikakumbuka mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu mitumbwi ilikaa mchangani. Kwetu tuliona bei tu. Tulinung'unika sokoni, tukala maharage. Sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza: hawa wamefunga ziwa lao miezi mitatu, sisi tunaolitumia tope mwaka mzima tumefunga nini?

Ni lazima niwe mkweli hapa. Wataalamu wanaoeleza kupungua kwa dagaa na migebuka hutaja kwanza uvuvi uliozidi, na kwamba ziwa limepata joto, hivyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani. Tope huumiza zaidi mwambao na miamba. Sitaki kujitwika lawama isiyo yangu. Kujilaumu kwa kila kitu ni njia nyingine ya kutokufanya chochote. Ninasema tu kwamba katika kesi hii yenye washitakiwa wengi, mimi ni mmoja, na mshitakiwa mwenzangu mmoja, yule mvuvi, ameshatumikia miezi mitatu.

Hata hivyo, baba alikuwa na neno la nne, alilolitoa wakati anainuka kwenda kulala. "Wakitaka nihame kijitoni, wanilipe."

Neno hili lilinirudisha Uvinza. Pale ambapo Ruchugi na Malagarasi hukutana kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamegundua kwamba watu walichemsha chumvi mahali hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Katika karne ya 19, misafara iliyokwenda Ujiji ilibidi kuvuka Malagarasi, na watawala wa Wavinza na wenye mitumbwi waliitoza misafara hiyo malipo. Burton na Speke walilipa mwaka 1858. Stanley alilipa mwaka 1871, akalalamika sana, na juu ya hayo punda wake mmoja akachukuliwa na mamba wakati wa kuvuka. Malipo hayo yaliitwa hongo. Yalikuwa ushuru wa wazi, uliodaiwa mchana kweupe na mwenye nchi.

Leo hongo ni jina la kitu kinachopita chini ya meza. Sijui ni kwa hatua zipi neno lilihama, lakini naona kwa nini liliweza kuhama: malipo ya haki na malipo ya shinikizo hufanana sana ukiyatazama kutoka upande wa anayelipa. Baba akisema wanilipe, anadai hongo ya zamani au hongo ya sasa?

Kama anasema, nilipeni la sivyo nitaendelea kuwachafulia maji, hiyo ni hongo ya sasa. Hakuna aliye na haki ya kuchafua, kwa hiyo hakuna aliye na haki ya kuuza kutochafua. Lakini nadhani hakusema hivyo. Alikuwa anasema: jambo jema mnalonitaka nilifanye lina gharama, na gharama yote mmeiweka kwenye robo eka yangu. Mtu wa mjini akitaka ziwa safi, halimgharimu kitu kulitaka. Ofisa akitaja mita 60, mshahara wake haupungui kwa mita hata moja. Ukipima kwa hatua, ni baba peke yake anayetoka nje ya shamba lake.

Hapo nikaona kwamba kuna maswali mawili tunayoyachanganya. La kwanza ni nani mwenye wajibu wa kutolitia ziwa tope, na jibu lake ni kila aliye juu yake. La pili ni nani abebe uzito wa wajibu huo, na jibu lake haliwezi kuwa kila mtu peke yake na kwa kadiri shamba lake lilivyo karibu na maji. Aliyerithi bonde hakulichagua zaidi ya aliyerithi kilima. Wajibu unaweza kuwa wa baba na mzigo ukawa wetu sote: wa sisi tuliosoma kwa maharage ya bondeni, wa wanaokula dagaa, wa wanaosubiri umeme wa Malagarasi. Kumtaka maskini atende haki peke yake, halafu kumshangaa akikataa, ni namna ya kumwibia pia. Ni kilo ile inayokosekana jioni.

Na sisi tuna wa juu yetu. Mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, watu wa Burundi walivuka mpaka kuja Kigoma, wengine wakiuvuka mto huuhuu ungali mchanga. Kirundi chao na Kiha chetu vinasikilizana. Wageni hawakuhitaji mkalimani kuomba maji. Kambi zikajengwa, Nduta kule Kibondo, Nyarugusu huku Kasulu iliyoanza mwaka 1996 kwa Wakongo. Nimekua nikisikia watu wazima wakilalamika: kambi zinamaliza miti yetu, kila siku kuni, kila siku kuni. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Ila nikiyasikiliza upya nasikia sauti ya mtu wa chini akimwambia mtu wa juu: unachokifanya ili uishi kinaniumiza. Na jibu la aliyekuwa amebeba kuni lilikuwa lilelile la baba: mimi ni mmoja, na nina watoto. Tulilikataa jibu hilo lilipotoka kwake. Je, kweli litakuwa jibu zuri likitoka kwetu?

Nilimwambia baba hayo, si kwa ukali. Hakunijibu. Baada ya wiki mbili alinituma nikamtafutie vipande vya mabingobingo.

Tuliyapanda pamoja, kuanzia ukingo wa kijito hadi hatua ya ishirini. Matuta ya chini yote yameingia humo. Mimi ninamtumia kila mwezi kiasi kinachokaribia kile ambacho matuta hayo yangempa, na mwezi nikichelewa hunipigia simu kuniuliza habari za afya. Hatua arobaini zilizobaki bado tunazilima. Ndiyo hali ilivyo. Sheria inasema 60, dhamiri yangu haina kipimo, na mfuko wangu unafika 20.

Novemba iliyofuata nilichota tena chupa, nikaiweka dirishani palepale. Asubuhi tope lilikuwepo. Nilipima kwa kidole. Lilikuwa kidole, au karibu na kidole. Mvua ya mwaka ule haikuwa sawa na ya mwaka uliotangulia, na kijito ni cha wengi. Baba aliitazama chupa, safari hii bila kuivuruga.

"Bado lipo," alisema.

"Bado lipo."

Mchana alikuja jirani yetu wa bondeni, yule ambaye hatua yangu ya sitini iliangukia kwake. Aliomba vipande vya mabingobingo akapande upande wake wa kijito. Nilifurahi, nikaanza kumweleza habari za ziwa. Akanikatiza kwa upole, akasema yeye anataka majani ya mbuzi tu.

Baba alikuwa ameshaingia ndani kuchukua panga.